Wavu wa Maji Machungu

Sui Debao alikuwa amevua chini ya barafu ya Ziwa Halatu kwa majira ya baridi arobaini na moja, na asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa anaomba wavu utoke mtupu.

Aliomba kimyakimya, mikono ameificha ndani ya koti la ngozi ya kondoo, ndevu zimeganda nyeupe. Mbele yake farasi wanne walikuwa wakizunguka na kuvuta winchi, mvuke ukiwatoka puani. Nyuma ya utepe mwekundu watalii kama elfu moja walirukaruka kupasha miguu joto, simu juu, wakisubiri. Walitoka miji ambayo maji hayagandi, wakakodi makoti ya rangi za peremende, na nusu yao walikuwa wanagombana na simu zilizozimika kwa baridi kana kwamba simu ndizo zilizowaleta.

Debao ndiye alikuwa mkuu wa wavu. Pale Halatu mkuu wa wavu ni mtu mmoja tu, na ndiye anayevaa kofia ya manyoya ya mbweha. Hashiki kamba wala hapigi farasi. Anachotakiwa ni kujua samaki wako wapi. Hutembea peke yake juu ya barafu, akatazama mapovu yalivyoganda na theluji ilivyokaa, kisha akalala kifudifudi, akaweka sikio na kusikiliza kundi likipita chini. Siku ya kuvua huchomeka bendera nne alfajiri, na watu sitini hutoboa pale aliposema yeye. Kabla ya hapo mahali hapatajwi. Hamwambii mkewe, hamwambii mwenyekiti wa kijiji. Humwambia mtu mmoja tu, mkono wake wa pili, jioni ya kuamkia siku hiyo, ili farasi na kamba viandaliwe.

Mkono wa pili wa Debao alikuwa Ge Yongfu. Alikuja kwake akiwa na miaka kumi na tisa, masikio yamebabuka kwa baridi, hajui hata kufunga fundo. Debao alimfundisha kila kitu, akamposea mke, akamsimamia harusi. Sasa Yongfu alikuwa na mvi, na kijiji kizima kilijua kwamba siku ya wavu wa mwisho wa mwaka Debao angeivua ile kofia ya mbweha mbele ya watu na kumvisha. Bango lilikuwa limeshatundikwa mlangoni mwa hoteli, sura zao wawili zimepakwa rangi mpaka wakaonekana mabwana harusi.

Lakini siku kumi kabla, kwenye wavu wa kwanza, Debao aliokota samaki mmoja akaona mkia wake umelika ukingoni kama ufagio uliochakaa. Samaki wa ziwa hana mkia wa namna hiyo. Mkia unalika hivyo kwa kusuguana na saruji. Akaokota mwingine. Akaokota wa tatu. Nyuma ya hoteli kulikuwa na bwawa la saruji lililofunikwa kwa nailoni, ambamo kampuni ya utalii ilisema inafuga samaki wa jikoni tu. Debao alisimama na yule samaki mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

Kama kuna mtu aliwatia samaki wa bwawa chini ya barafu, ilibidi ajue kabla bendera zitachomekwa wapi. Na aliyejua alikuwa mmoja.

Debao alimrudisha samaki kwenye lundo. Ila jioni ya kuamkia wavu wa pili, Yongfu alipokuja kama kawaida, akapangusa theluji viatuni, akakaa ukingoni mwa kitanda cha matofali chenye moto chini yake na kupokea kikombe cha pombe, mzee alikuwa tayari.

"Haya, wapi, mzee?"

"Maji Machungu."

Kikombe kilisimama njiani kabla hakijafika mdomoni. Maji Machungu ni ghuba ya magharibi ambako magadi yanabubujika kutoka chini. Barafu ikishafunga, maji yale hukosa hewa, na samaki wote hukimbia mpaka barafu iyeyuke. Hata mtoto wa darasa la pili pale Halatu anajua.

"Maji Machungu? Kule kwenye magadi?"

"Nimelala pale saa nzima. Nimewasikia."

"Umewasikia."

"Nina kigugumizi? Au wewe una neno?"

"Mimi nani niwe na neno, mzee." Yongfu alimaliza kikombe chake, akaaga.

Ndiyo maana Debao alikuwa anaomba. Wavu ukitoka mtupu, angezomewa na watu elfu moja, picha zake zingesambaa nchi nzima na kampuni ingemng'oa bangoni. Hayo yote angeyabeba huku anacheka, kwa sababu Yongfu angekuwa msafi, na mikia ile angeitafutia sababu nyingine.

Wavu ulianza kutoka. Mita ishirini, tupu. Mita hamsini, tupu, nyuzi zikiganda papo hapo na kulia kama vigae vinavyokanyagwa. Watu walianza kunung'unika. Mwanamke mmoja mwenye koti la njano akapaza sauti, "Samaki wenyewe wako wapi? Tumeamka saa kumi na moja kuja kuangalia kamba?"

Debao nusura amkumbatie. Kifua kilimfunguka, akavuta pumzi ndefu ya kwanza baada ya siku kumi, akageuka kumtafuta Yongfu ili ampige bega, amwombe radhi moyoni mwake bila kusema neno.

Halafu kamba ikakaza. Farasi walipiga magoti kwa uzito, waendeshaji wakapiga kelele, na katika tundu maji yakafura meusi. Samaki wakatoka. Walitoka mamia kwa mamia, vichwa vikubwa, magamba ya fedha, wakamwagika juu ya barafu na kurundikana mpaka magotini mwa wavuvi. Wengi hawakupigapiga mikia. Walikuwa wamelegea, midomo wazi, nusu wamekufa kwa magadi. Watalii hawakuliona hilo. Walipiga mayowe ya furaha, na bibi Miao wa kampuni akashika kipaza sauti akatangaza kwamba mzee Sui Debao, sikio la Halatu, amewapata samaki hata mahali ambapo babu zake hawakuthubutu kutupa wavu.

Watu wakamshangilia. Debao alisimama katikati ya shangwe ile akajisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Hakuhitaji kuukagua mkia hata mmoja.

Alimkuta Yongfu nyuma ya farasi, anajifanya kulegeza hatamu ambayo haikuwa imekaza.

"Samaki wa Maji Machungu," Debao alisema. "Hongera."

Yongfu hakuinua macho. "Nilidhani akili imeanza kukutoka, mzee. Kusema kweli ndivyo nilivyodhani. Nikasema basi, nikufunike usiaibike."

"Umenifunika miaka mingapi?"

"Mzee, watu wanatuangalia."

"Nimekuuliza mingapi."

"Mitatu."

"Kila wavu?"

Yongfu aliitikia kwa kichwa.

"Na wangu?" Debao alisogea karibu. "Wale niliowasikia mimi mwenyewe. Walikuwepo au hawakuwepo?"

"Nitajuaje? Kila mara sisi tulikuwa tumeshawatia wetu, tumewazungushia wavu mdogo, alfajiri tunawafungulia." Hapo ndipo alipomtazama, na machozi yalikuwa yameshaganda kwenye kope. "Sijui, mzee. Hakuna anayeweza kujua."

Debao angependa kumpiga. Alimwangalia tu yule mtu wa miaka arobaini na mitano ambaye yeye ndiye alimfundisha kufunga fundo, akaona hata hasira haimtoshi. Akainama, akaokota samaki mmoja kwenye lundo, akamtia begani na kwenda nyumbani kwa miguu.

Mkewe, Guixiang, alikuwa anakata kabichi ya siki. Sufuria ya chuma ilikuwa imeshachemka, tayari kwa samaki, kama kila siku ya wavu. Alinyoosha mikono apokee.

"Leo nasafisha mimi," Debao alisema.

"Wewe?" Alicheka. "Kisu utakishika upande gani? Lete huku, utajikata uniachie kazi mbili."

"Kaa, mama Xiaolan."

Alipomwona uso, alikaa. Debao alimlaza samaki juu ya ubao, akampasua vibaya vibaya, akavuta utumbo nje. Majira yote ya baridi samaki wa ziwa hali kitu, na utumbo wake huwa mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Debao mwenyewe aliwaeleza hivyo watalii kila mwaka. Utumbo wa huyu ulikuwa umevimba. Alipouminya, zikatoka punje za kahawia, laini, chakula cha samaki wa kufugwa kinachotoka kwenye gunia.

Alizitazama zile punje na mambo mawili yakamjia. La kwanza alishalijua tangu asubuhi. La pili lilimpata taratibu, likaanzia miguuni. Tangu aoe hajawahi kusafisha samaki hata mmoja. Majira matatu ya baridi alileta samaki nyumbani baada ya kila wavu, akavua viatu, akapanda kitandani kujipasha moto na kusimulia alivyowasikia wakipita. Aliyekuwa amewapasua ni mtu mwingine, hapa hapa, kwenye ubao huu.

"Uliona," alisema.

Guixiang alikuwa anapanga vipande vya kabichi ambavyo vilikuwa vimeshapangika. "Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu wa kwanza."

"Ukanyamaza. Nakaa pale najisifu kama jogoo, na wewe unatupa uchafu huu nje, unaniletea kichwa cha samaki kwenye bakuli, unaniambia, kula, mkuu wa wavu."

"Umesahau mwaka ule wavu ulipotoka na samaki arobaini na kiatu kimoja?" Sauti yake ilipanda. "Siku kumi na moja ulilala ukitazama ukuta. Uji nauleta, uji naurudisha. Siku ya nane ulinambia nikupeleke barafuni nikuache. Umesahau? Mimi sijasahau."

"Ungenambia ukweli."

"Ukweli gani ungeula wewe?" Alijifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta ingawa ilikuwa imekauka. "Wazo lilikuwa la kampuni. Yongfu aliwakatalia mara mbili, nikuambie hilo, usimchukie bure. Mimi ndiye niliyemfuata kwake. Nilimpigia magoti mbele ya mkewe na watoto wake. Nikamwambia, mfanyie hivyo mwalimu wako, la sivyo nitamzika kabla ya mwaka mpya."

Debao aliweka kisu chini. Asubuhi kule ziwani alikuwa amempoteza mtu mmoja, Yongfu, akadhani hesabu imeishia hapo.

"Nani mwingine anajua?"

Guixiang aligeukia sufuria.

"Watoboaji?"

"Mzee wangu, watu sitini wanatoboa barafu. Unadhani hawaoni tundu lililotobolewa jana yake?"

Kwa hiyo wote. Waliomgongea vikombe, waliomwita sikio la Halatu, jirani aliyemletea pombe ya mtama amwombe amfundishe mjukuu wake. Miaka mitatu kijiji kizima kilimvika kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho barabarani kifua mbele. Hawakumcheka hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Walimtunza kama mgonjwa.

Hakuvunja kitu, hakupaza sauti. Mchana ule ule alirudi ziwani, mbali na mahema ya watalii, kwenye maji ya kina kirefu ambako alimsikia samaki wa kwanza maishani mwake. Alivua kofia ya mbweha, akalala kifudifudi, akaweka sikio juu ya barafu. Barafu ililia kwa mbali kama kawaida yake. Chini ya hapo hakusikia kitu. Labda samaki walikuwa wameisha. Labda sikio lilikuwa limekufa. Labda lilikufa miaka mitatu iliyopita au kumi, na sasa hakuna wavu uliobaki duniani wa kumjibu. Alilala pale mpaka ngozi ya sikio ikashika kwenye barafu, na alipoinuka ikachubuka.

Siku mbili baadaye ilikuwa jioni ya kuamkia wavu wa mwisho, wavu wa kofia. Mabasi ishirini ya watalii yalikuwa yamethibitisha kuja. Guixiang alikuwa ameandaa vikombe viwili kama kawaida, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, kisha akajificha jikoni.

Mlango uligongwa. Yongfu aliingia, akapangusa theluji viatuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakukaa. Alisimama pale karibu na mlango, kofia mkononi, akafungua mdomo kuuliza lile neno la "wapi" ambalo alikuwa ameliuliza miaka yote, na halikutoka.

Debao alikuwa amekaa kitandani, bendera nne zimelazwa magotini, sikio limefungwa kitambaa. Alimmiminia pombe, akamsogezea kikombe.

"Kaa, mwanangu, unywe," alisema. "Halafu niambie mtawatia samaki wenu wapi, nijue pa kuchomeka bendera."