Mtu Asiye na Mtu

"Sema ametelekezwa, shangazi, neno moja tu—"

"Ametelekezwa na nani? Mimi niliyemwosha alfajiri ni paka?"

"Si wewe, ni utaratibu wa—"

"Basi huo utaratibu uje umwoshe."

Lubna na shangazi yake, Bi Alawiya, walivutana hivyo ukumbini mwa Bi Zamzam, kule Langoni. Chumbani, mwenye nyumba alilala kama alivyolala tangu kiharusi kimpige, vidonda vya mgongo vikimla polepole. Shirika lililomwajiri Lubna lilibakiwa na godoro moja la hewa, nalo hupewa mgonjwa aliyetelekezwa tu. Bi Zamzam hakuwa na mume wala mwana, ila wanawake wa mtaa walipokezana zamu: huyu kumwosha, yule uji, mwingine kumgeuza huku akimmiminia umbea wa jana. Kwa lugha ya shirika, hao hawakuwapo, mradi tu wasitajwe. Mtunzaji ni wa damu au wa mshahara.

Chuoni, kabla hajakipa kisogo, Lubna alikariri kwamba kazi isiyo na bei haihesabiki, akapata alama nzuri. Leo hakuthubutu kuyatamka maneno yaleyale mbele ya shangazi yake.

"Godoro likienda kwa mwingine, vidonda vitaoza," alisema, sauti chini.

"Na nikisema tumemtupa ndiani, kesho nimnyweshe uji kwa uso gani?"

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mueni, afisa wa shirika, amekuja kuamua nani apewe godoro. Bi Alawiya, aliyeapa kutosema naye, akamwingiza hadi chumbani, akamletea kahawa, kisha haluwa. Lubna akafumba macho. Nyumba gani ya aliyetelekezwa ina haluwa?

Mueni akatazama shuka lililonyooshwa, akavuta harufu ya udi. "Huyu mama ana nani?"

Bi Alawiya akamgeukia Lubna. Jibu Lubna alikuwa nalo tangu jana, limepigwa pasi kabisa. Badala yake akajisikia akisema, "Ana mtaa mzima."

Mueni akaweka kikombe chini. "Nafurahi kusikia. Basi hajatelekezwa; godoro wapo wanaolihitaji zaidi."

"Alawiya," Bi Zamzam aliita, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

"Naam, shoga yangu."

"Hebu toka nje kidogo. Nataka kumwambia mgeni sina mtu, na ukiwapo siwezi."