Waliobisha Hodi Alfajiri

Ilikuwa siku ya arobaini na moja tangu Birtukan apige simu mara ya mwisho kutoka Beirut alikokuwa akifanya kazi za ndani, na mama yake, Zenebech, aliogopa kitu kimoja tu: alfajiri. Mchana haukumsumbua. Mtu wa Dessie, huku Ethiopia, hapashwi habari za msiba mchana, wala kwa simu. Ukifiwa na wako aliye mbali, mtaa mzima hujua kwanza. Watanong'ona, watakuficha, watakusalimia huku wakitabasamu, wakuache ulale hiyo mara moja ya mwisho. Kisha kabla jua halijachomoza watafika mlangoni kwa pamoja, mitandio yao myeupe wameigeuza, pindo la rangi juu shingoni. Hapo huna haja ya kuambiwa jambo. Wanasema ni huruma. Huruma gani hiyo, inayomfanya mtu aogope hata salamu ya jirani?

Kwa hiyo Zenebech akawa mpelelezi wa nyuso. Muuza mkaa kamjazia kikapu mpaka pomoni: kwa nini leo? Kasisi kamwekea msalaba kichwani akakawia kuutoa: anajua nini? Askale, jirani waliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, na ambaye hawakupitisha siku bila kunywa naye kahawa, alimchoka.

"We Zenebech, umeanza tena? Mtoto wa watu yuko hai, wewe unamchimbia kaburi kichwani!"

"Siku arobaini na moja, Askale. Kule mabomu yanaanguka."

"Yanaanguka, sawa. Na simu zinaharibika. Na mabosi wa kule wanawanyang'anya wasichana simu. Mbona hayo huyafikirii? Wewe ukionyeshwa njia mbili, mbio kwenye ya makaburini."

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Basi sema atapiga simu, lije hilo!"

Zenebech akacheka bila kupenda. Askale akammiminia kikombe cha tatu cha kahawa, kile kinachosemwa kina baraka, na kwa muda huo mdogo kifua kikawa chepesi. Lakini moyoni alikuwa na neno. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Getnet, mwana pekee wa Askale, alikuwa dereva wa lori la njia ya Djibouti, na kila Jumapili alipiga simu akipayuka hadi upande wa pili wa ukuta akasikika. Mama mwenye mwana wa namna hiyo, kumpa mwenzake matumaini kunamgharimu nini? Aliona aibu kuwaza hivyo, na bado akawaza.

Ijumaa jioni alikuwa akitoka kusaga nafaka alipowakuta watu sita mlangoni kwa Mekuria, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Walipomwona wakanyamaza.

"Zenebech, umeshindaje?" Mekuria akauliza. "Umekula?"

Umekula! Miaka kumi na tisa ya ujirani, hajawahi kumuuliza kama amekula. Zenebech aliharakisha nyumbani akafunga mlango kwa komeo. Usiku wake sina haja ya kuusimulia.

Kulipoanza kupambazuka alisikia nyayo. Nyingi, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Zikaja, zikasimama mlangoni pake. Aliruka kitandani akalishika komeo kwa mikono miwili. Mlango ukiwa umefungwa, Birtukan anaishi. Hakuwa na akili nyingine zaidi ya hiyo.

"Zenebech, tufungulie."

"Sifungui."

"Fungua, dada yangu."

"Nimesema sifungui! Rudini nayo huko mlikoitoa!"

Mekuria akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Punguza sauti, atakusikia. Si ya kwako. Birtukan hatujasikia lolote juu yake. Ni Getnet. Lori limepinduka jana kwenye mteremko. Askale hana ndugu hapa ila wewe. Tutaingiaje kwake bila wewe?"

"Asante Mungu!" Zenebech akasema kwa sauti.

Ndipo akakisikia alichosema. Akafungua mlango akiwa amejiziba mdomo. Hakuna aliyemlaumu, mwanamke mmoja alimgeuzia tu mtandio, akampandishia pindo shingoni.

Hawakuwahi kubisha hodi kwa Askale. Kelele za Zenebech zilikuwa zimemwamsha, akatoka mwenyewe, peku, kilemba mkononi. Akauona umati. Akayaona mapindo. Akamwona shoga yake mbele ya wote, machozi yanamtiririka, na akaelewa. Akaelewa vibaya.

"Uuuwi, Birtukan! Birtukan wetu!" Akamrukia Zenebech akamkumbatia. "Njoo, niegemee. Nisamehe, shoga yangu, nilikuwa nakupa matumaini ya bure. Lia, mama, lia. Mimi nipo. Sitakuacha hata siku moja."

Akaanza kujipiga kifua kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Watu wakainamisha macho.

Zenebech akaikamata mikono ile iliyokuwa ikipiga, akaishika kwa nguvu.

"Askale. Si Birtukan."

Kilio kikakatika. Askale akawatazama waliokuja, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho.

"Basi hawa wote," akauliza, "wamemjia nani?"