Karanga za Panya

Chumba cha panya ndicho pekee kilichokuwa na joto katika jengo zima, na ndiyo maana Peiwen alimwambia mumewe akamsubiri humo.

Ilikuwa baridi kali ya Shanghai, miaka ya sabini, na watu wa maabara walifanya kazi na makoti yao ya pamba mwilini, vidole vimekufa ganzi. Ding alikuwa amekuja likizo kutoka kiwandani kwao, kule milima ya Guizhou. Yeye alipangiwa kazi huko, mkewe akapangiwa huku, wakawa watu wa kuonana mara moja kwa mwaka. Kesho yake mchana treni ingemrudisha. Peiwen alitaka jambo moja tu: asubuhi ya mwisho iwe yao, amsindikize stesheni, asimame pale hadi behewa la mwisho lipotee. Mwaka uliopita kazi ilimzuia, na jambo hilo lilikuwa halijamtoka moyoni.

Siku hiyo walikuwa na jaribio. Insulini ni minyororo miwili midogo iliyoshikana, nao walikuwa wamekata ncha ya mnyororo mmoja ili wajue kama ncha ile ina kazi au inaning'inia tu. Wa kujibu walikuwa panya. Panya mwenye njaa akidungwa insulini yenye nguvu, sukari ya damu hushuka, akaruka na kutetemeka; hapo hupewa maji ya sukari upesi, akazinduka. Insulini isipokuwa na nguvu, hutulia tu.

Wote walitulia.

"Hata waliodungwa insulini nzima!" Mwalimu Gu, mkuu wao, alivua miwani. "Wamekaa kama wageni harusini. Shangazi Ruan, umewalisha hawa?"

"Mimi?" Mtunza panya aliweka ndoo chini. "Nimeanza kuwatunza panya wewe hujaota ndevu, Mwalimu. Nilishe panya wa jaribio, nimerogwa?"

"Basi nani? Paka?"

Ding alisimama mlangoni, kofia mkononi, masikio mekundu.

"Ni mimi," alisema. "Walikuwa wananitazama. Nilikuwa na karanga za sukari mfukoni, zile za Peiwen. Nikasema, maskini, wamesahauliwa."

Peiwen aliutazama mfuko wa karanga, umepungua hadi nusu. Angemkasirikia vipi? Miaka ile ya njaa nchini Ding alikuwa akimgawia nusu ya mkate wake, na hakujifunza hadi leo kupita mbele ya kiumbe chenye njaa. Isitoshe, yeye mwenyewe ndiye aliyemweka humo akasahau kumwonya.

"Mzee Ding," alisema polepole, "umewashibisha wataalamu wangu."

Shangazi Ruan ndiye aliyecheka kwanza, ingawa ndiye aliyesingiziwa.

Lakini insulini ile ikishayeyushwa haikai, na iliyobaki ilitosha jaribio moja. Ilibidi wawanyime panya wengine chakula usiku kucha, wawadunge asubuhi. Na aliyedunga ndiye lazima adunge tena na kuhesabu wanaoruka, maana kila jicho lina kipimo chake cha kutetemeka. Na aliyedunga alikuwa Peiwen.

"Nitamwambia Mwalimu atafute mtu," alimwambia mumewe njiani kurudi nyumbani.

"Usimwambie. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Mwaka jana pia sikukusindikiza."

"Najua." Alimfungia vizuri shali shingoni. "Nilikutafuta dirishani mwa treni hata hivyo."

Asubuhi Peiwen alipika wali wa kunata, akaufunga kwa kitambaa, ungali moto. Shangazi Ruan alikuja na baiskeli yake bila kuitwa. "Nipe," alisema. "Nitasimama hapo unapotaka kusimama wewe. Nitapunga mkono mpaka watu wadhani ni mume wangu."

Peiwen akaenda kudunga panya. Akakaa mbele ya sanduku lao la joto, akatazama saa ya ukutani, akatazama panya, akatazama saa. Mtaa wa stesheni ulikuwa mbali, lakini alijikuta akisikiliza king'ora cha treni.

Kisha mmoja wa insulini nzima akaruka. Baada yake mmoja wa insulini iliyokatwa. Akafuata mwingine, na mwingine. Mikono ya Peiwen ilikwenda mbio na maji ya sukari. Kumbe hata ncha ile ikiondolewa, kilichobaki bado kinafanya kazi yake, pungufu kidogo tu. Mwalimu Gu alipiga makofi kama mtoto. Peiwen alitabasamu, akageuka mlangoni kumwambia mtu ambaye hakuwepo.

Shangazi Ruan alirudi pua imewiva kwa upepo.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kitu kimoja tu. 'Wameruka?' Nikamwambia sijui, baba. Akauliza tena treni ikiondoka, kana kwamba nimeshapata habari."

Peiwen aliinamisha kichwa.

"Na hizi." Shangazi alitoa ule mfuko wa karanga. "Amesema wakimaliza kazi, wapewe. Amesisitiza: wakimaliza."

Panya walikuwa wamezinduka wote, wananusa hewa. Peiwen alipiga magoti mbele ya sanduku na kuwagawia mmoja mmoja, bila haraka. Ya mwisho aliila mwenyewe. Ilikuwa tamu, na bado ina joto la koti la Shangazi.