Namba Sitini na Nane

Kamati ya Watanzania wa Edmonton, kaskazini mwa London, haijawahi kushindwa na jambo linalohusu kitambaa. Msiba, kipaimara, mtu kapata uraia: kabla hawajaulizana ukumbi uko wapi, sare imeshachaguliwa. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba Godbless wa Placida, aliyekwenda Marekani kwa ufadhili wa kucheza mpira, anakuja kucheza London, mwenyekiti Godson hakuuliza ni mpira wa namna gani. Aliuliza rangi ya chuo. Akaambiwa kijani. Wiki mbili baadaye watu ishirini na sita walikuwa na vitenge vya kijani, wanaume mashati, wanawake magauni na vilemba.

Placida mwenyewe hakuwa na haja ya sherehe. Miaka minne mwanawe alikuwa akicheza kule, na miaka minne yeye, mhudumu wa wazee, hakuwahi kwenda kumtazama. Kila alipopanga safari, mwenzake kazini aliugua na zamu ikamwangukia yeye. Mwezi Novemba kijana akapiga simu. Kiswahili anakielewa chote, ila tangu utotoni hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho alimweleza mama yake kwamba chuo chao kimealikwa kwenye bowl, ule mchezo mmoja wa kufungia msimu wa mpira wa Kimarekani unaokutanisha timu mbili za vyuo vikuu, na safari hii umeletwa London. Baada ya huo hakuna mwingine. Timu za kulipwa hazikumtaka. Januari angeanza kazi ya ofisini.

"Naomba kitu kimoja, mama," alisema. "Unione nikicheza. Mara moja tu. Mimi ni namba sitini na nane."

"Nitakuona," alijibu Placida, na aliposema hivyo alimaanisha hivyo.

Godbless alituma tiketi mbili za kukaa na familia za wachezaji. Kamati ikazikataa. "Mama mwenye mtoto hawezi kukaa mbali na sare yake," alisema Godson. "Hizo tutazitumia kwenda kumsalimia mchezo ukiisha. Kukaa, tutakaa wote." Akafungua ramani ya uwanja, akaona upande uliopakwa kijani, akakata tiketi huko. Kuuliza si ujinga, lakini kamati iliyokwisha kushona haiulizi.

Jumamosi ya mchezo, saa sita mchana, timu zikatoka: moja kijani tupu, nyingine nyeupe. Migongoni hakukuwa na majina, namba tu, na nyuso zilikuwa zimefichwa ndani ya kofia ngumu zenye vyuma. Vigelegele vikapanda. Placida akapekua kijani kwa macho hadi akampata sitini na nane. Mrefu, mpana, mikono myeusi, na anavuta kidogo mguu wa kulia akitembea, vilevile kama marehemu baba yake.

"Damu haijifichi," alimwambia Blandina, katibu wa kamati, aliyekaa kushoto kwake.

Mchezo wenyewe haukushikika. Watu wanakusanyika, wananong'ona kama wajumbe wa mahari, wanapanga mstari, wanainama, wanagongana kwa sekunde nne, filimbi inalia. Halafu wanatoka wote na kuingia wengine. Saa nzima ikapita na sitini na nane hajaushika mpira.

"Mbona hapewi?" Blandina aliuliza. "Au wanamwonea?"

"Ni beki," alisema Godson, kwa uhakika wa mtu asiyejua lolote.

Swali la Blandina lilimchoma Placida. Kazi yote ya yule kijana ilikuwa kusukumana na jitu moja la nyeupe. Akimaliza, anasukumana nalo tena. Ndiyo elimu hii? Mtoto avuke bahari, amwache mama peke yake, kwenda kusukumana? Na kwa kuwa hakuwa na wa kumkasirikia, alilikasirikia lile jitu. Lilikuwa na nguvu, lilikuwa halichoki, na mara tatu lilimpindua mwanawe chali. Placida akaanza kuomba. Mungu, mwangushe huyu. Likianguka, kamati nzima inasimama, vitenge vinapepea, vigelegele vinasikika uwanja mzima, na Wamarekani wa kijani waliokaa karibu nao wanaomba kupiga picha.

Kilichomtatiza ni mama aliyekaa kulia kwake. Mmarekani Mweusi, koti la kijani, skafu nzito kifuani. Kila sitini na nane alipoinuka, mama huyo alishusha pumzi. Alipopinduliwa, alifumba macho. Huyu anamhangaikia mwanangu kwa lipi? Placida akapiga hesabu za kimama akapata jibu: kijana ana mchumba, hajasema, na huyu ndiye mama mkwe. Akamtazama upya toka viatu hadi nywele, akamwona ana adabu, akavua khanga aliyojitanda na kumfunika magoti, maana baridi ilikuwa kali. Yule mama alishukuru, hajui amekubaliwa kwenye ukoo.

Zilikuwa zimebaki dakika mbili, nyeupe wakiongoza, pale mpira ulipowaponyoka kijani. Rundo la watu likaanguka. Nyeupe wakaibuka nao mpira. Sitini na nane wa kijani hakuibuka.

Uwanja ukanyamaza. Kisha wachezaji wa pande zote mbili wakapiga goti moja. Ni heshima tu kwa aliyeumia, ndivyo wafanyavyo, lakini Placida ni Mkatoliki wa Karagwe, na kwao watu hawapigi goti kumzunguka aliyelala isipokuwa mambo yamekwisha. Akashuka ngazi mbio, kilemba kikabaki nyuma. Mbele yake alikuwa yule mama wa Kimarekani, anakimbia vilevile. Wakafika kwenye ukuta wa chini pamoja.

Kule chini wakamvua majeruhi kofia, na uso wake ukajaa kwenye skrini kubwa. Kijana wa rasta fupi, mwanya katikati ya meno. Hakuwa Godbless.

"Asante Mungu," alisema Placida kwa sauti. Na hapohapo kijana akainuliwa, akaanza kuchechemea, watu wakapiga makofi, na yule mama akamwangukia begani akilia. Skafu ikateleza. Kifuani alikuwa amebandika beji kubwa yenye picha: rasta, mwanya, na namba sitini na nane.

"Mwanangu," alisema yule mama. "Wako ni yupi?"

"Sitini na nane," alisema Placida. "Wa kijani."

Yule mama alifuta macho, akamtazama, akaelewa kabla ya Placida. Alisema taratibu kwamba vyuo vyote viwili rangi yao ni kijani. Timu moja huvaa rangi, nyingine hupangiwa nyeupe, wasichanganyikane. Wenye nyeupe nao wana sitini na nane wao. "Yule pale," alisema. "Ndiye aliyenisumbulia mtoto mchana kutwa."

Lile jitu lilikuwa bado limepiga goti, hatua chache kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza Placida akaisoma namba yake: sitini na nane. Likasimama. Kofia ikageuka kuelekea mwanamke mwenye gauni la kijani, asiye na kilemba, ikatulia hapo kidogo. Kisha Godbless akatoka nje ya mstari, akaketi kwenye benchi.

"Anarudi saa ngapi?" Placida aliuliza.

"Harudi. Sasa mpira ni wao, wanaingia wenye zamu ya kushambulia. Watapiga goti na mpira mkononi, kupoteza muda tu hadi saa iishe. Wameshinda."

Placida alingoja hata hivyo, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Saa ikaisha.

Kwenye korido ya chini, mahali pa kuwapokea wachezaji, alisimama na Godson, wote wawili wakiwa na rangi ya walioshindwa, au ya walioshinda. Hakuna aliyeweza tena kupambanua ni ipi. Godbless akaja, jasho linamtiririka, kinga ngumu za mabegani bado amezivaa. Alimkumbatia mama yake, akamwachia upesi.

"Nilisikia vigelegele kila nilipoanguka," alisema. "Nikawaambia wenzangu hao si watu wangu. Halafu nikakuona ukutani, unamkimbilia yule mwingine. Uliniona, mama? Hata mara moja?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na isingekuwa uongo mtupu. Macho yake yalimwona kila alipoinama na kila alipoinuka. Placida alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Nilikuona mchana kutwa," alisema. "Sikujua ni wewe. Niliomba uanguke. Niliomba kwa jina la Mungu, Godbless."

Godson akakohoa, akaanza kusema habari ya ramani, akaacha.

"Anko," alisema Godbless hatimaye. "Njoo usimame hapa. Panua miguu."

Mwenyekiti wa Kamati ya Watanzania wa Edmonton akasimama kwenye zulia la korido, tumbo mbele, kitenge kikimeta, anamtazama Placida kama anayeomba radhi. Godbless akainama mbele yake, mkono mmoja chini, kisigino juu. Uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa mtu mzima ambaye Placida hakuwahi kukutana naye, na alitaka sana kumjua. Kijana akafyatuka. Akamwingia Godson chini ya makwapa, akamwinua kwa upole kabisa, akamsogeza hatua tatu, akamweka chini.

"Hiyo ndiyo kazi yangu," alisema, anahema. "Miaka minne. Umeelewa?"

Placida alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. Akavishusha.

"Sijaelewa," alisema. "Rudia."