Kicheko cha Barabara ya Tura

Sururu ya Luhende iligonga jiwe, ikaruka, ikamtia ganzi kutoka viganjani hadi mabegani. Akalitukana jiwe lile kwa Kinyamwezi, akatema mate, akainua tena. Yeye alikuwa nyapara, na kwa desturi nyapara hashiki sururu. Lakini tangu Serikali iache kuandika watu wapya, genge lake lilikuwa limepungua mno, hata akavua shati na kuingia mferejini pamoja na wenzake. Mvua zilikuwa karibu. Mfereji usipochimbwa, maji yangeipasua barabara ya Tura, na ambaye angeulizwa ni yeye, si Serikali.

Zaidi ya unyapara, Luhende alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi pale Tabora. Chama kilikuwa kimekwisha kuwapasha habari kwamba Serikali ina mpango wa kuupanga upya utumishi wake, eti nchi inaandaliwa kujitawala, na kwamba wafanyakazi wa mikono huenda wakaondolewa katika kazi ya kudumu na kufanywa vibarua wa kipande, wanaolipwa kwa kadi ya kuhesabia siku. Kibarua hana kota. Hana likizo. Akiugua, kazi yake inapewa aliyesimama getini. Kwa hiyo Luhende alikuwa ameyashika maneno ya chama kwa ghibu: wenye kazi ya kudumu wabaki nayo, wenye kota wasitolewe, wala asiachishwe mtu kabla chama hakijasikilizwa. Alikuwa akingoja aitwe bomani akayaseme. Mkewe, Paskazia, alikwisha kumpigia pasi koti la kanisani. Luhende aliamini kuwa Serikali ikitaka kumsikiliza mtu humpa kiti kwanza.

Jua lilikuwa limeanza kuuma shingo lori la Idara ya barabara lilipotokea upande wa mjini, vumbi jekundu likilifuata nyuma. Mbele, kando ya dereva, alikaa mzungu mgeni, kijana mwenye miwani. Nyuma, juu ya mapipa ya lami, aling'ang'ania karani Yahaya.

"Watumwa wangu!" alipiga kelele kabla lori halijasimama. "Bado mko hai?"

"Mzaramo!" Mahona, mmoja wa wachimbaji, akamjibu kutoka mferejini. "Ngoma imekwisha saa ngapi leo? Macho mekundu kama ya fisi!"

Genge zima likacheka. Yahaya alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zao walipokuwa wakipishana njiani na pembe za ndovu mabegani. Mtani hakasirikiwi. Baba yake Mahona alipokufa, Yahaya ndiye aliyejitupa ndani ya kaburi, akalala chali, akaapa kwa Mungu kuwa hatanii na hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa kuku, na wafiwa wakacheka machozi yakiwatiririka. Na kila siku ya mshahara, kabla hajamlipa mtu, huwatangazia kwa uso mkavu kwamba wote wamefukuzwa kazi. Walikuwa wamelizoea neno hilo.

Mzungu alishuka, akaifuta miwani, akasema Kiingereza kirefu huku akitazama juu ya vichwa vyao. Kisha akamwelekea Yahaya afasiri.

"Sikilizeni, watumwa wangu," Yahaya alisema. "Bwana huyu ametoka Dar es Salaam. Anasema Serikali inaupanga upya utumishi. Kuanzia mwezi ujao, wa mikono wote ni vibarua. Hakuna tena kazi ya kudumu. Na kota mtazitoa."

Kicheko kikalipuka mfereji mzima.

"Kota yangu nimwachie nani?" Mahona akauliza. "Wewe? Si utaigeuza uwanja wa ngoma!"

"Jamani, leo sitanii."

Hapo ndipo walipoumia mbavu. Mzee Masolwa, mkubwa wa wote, ambaye hata kanisani hakuonekana akitabasamu, aliegemea chepe lake akatingishika mwili mzima. "Mpeni kuku atoke kaburini!" alisema.

Mzungu naye akatabasamu. Akauliza jambo.

"Anauliza mwenyekiti wa chama yuko wapi," Yahaya alisema. "Anataka kujua chama kina maoni gani."

Luhende alipanda juu ya ukingo, matope hadi magotini. Watu walikuwa wanamtazama, na mtu hakubali kushindwa na mtani wake mbele ya genge lake. "Mwambie chama kimekubali!" alisema kwa sauti kubwa. "Kimekubali kwa moyo mweupe. Mradi wewe Yahaya utubebee mizigo yetu kichwani mpaka pwani, kama babu zetu walivyokuwa wakibeba!"

Walipiga vigelegele kama wanawake arusini. Yahaya alifumbua mdomo, akaufumba. Mzungu alikuwa akimtazama mdomo huohuo. Mwishowe Yahaya akasema maneno mafupi ya Kiingereza, na mzungu akasogea, akamshika Luhende mkono, matope na yote. Hakuna mzungu aliyewahi kumpa mkono Luhende. Akarudi mferejini kifua mbele, na kusema kweli alifurahi.

Alasiri lori liliwarudisha yadi. Kwenye ubaraza wa ofisi ilikuwa imewekwa meza, na juu yake bunda la vipande vipya vyekundu. Yahaya alikuwa amekaa peke yake. Hakuita mtu mtumwa.

"Hivi ni vya nani?" Luhende aliuliza.

"Vyenu."

"Yahaya, acha basi."

"Nilikwambia sitanii."

"Siku zote husema hutanii!"

Yahaya aliinamisha kichwa. "Ningemwambia nini yule? Kwamba nimeifanyia Serikali mchezo barabarani? Angenirudisha Kisarawe kwa miguu. Ulisema chama kimekubali. Nikamwambia kimekubali. Nina watoto, mtani."

Luhende aliiacha meza. Hakungoja kubisha hodi. Aliingia ofisini na kaptura yake ya matope, Yahaya akimkimbilia nyuma, akayasema maneno yote ya chama amesimama, moja baada ya jingine. Yahaya alifasiri yote safari hii, bila kuruka neno.

Mzungu alisikiliza kwa adabu. Kisha akajibu, na jibu lake lilikuwa la upole kabisa. Chama kimekwisha kuulizwa, alisema, mbele ya wafanyakazi wenyewe, na kimekubali kwa shangwe. Katika safari yake yote tangu Dodoma hajaona mkutano wenye furaha kama ule. Hayo ndiyo atakayoyaeleza Dar es Salaam. Na kwa kuwa Luhende alikuwa ameisaidia Serikali vizuri namna hii, yeye ataendelea na kazi yake ya kudumu na kota yake.

Dirisha lilikuwa wazi. Luhende alipotoka, genge lilikuwa limesimama barazani, limesikia yote, na mzee Masolwa alikuwa mbele.

"Kumbe mkono ule ulikuwa na maana yake," Masolwa alisema.

"Mzee, ule ulikuwa utani. Wote mlikuwapo. Wote mlicheka."

"Sisi tulicheka, baba. Aliyeulizwa ni wewe. Yahaya ni mtani wetu, sawa. Na mzungu? Naye ni mtani wako?"

Luhende alimtazama Mahona. Mahona akageukia pembeni. Lililomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa amesema haki. Alijua kwamba akirudi kotani jioni ile kama alivyotoka asubuhi, hakuna atakayeamini hadi kufa kwake kwamba hakuwauza.

Akaenda mezani. "Niandikie kipande."

"Wewe umebakizwa kazini," Yahaya alimnong'oneza. "Mkeo karibu anajifungua. Kaa na nyumba yako, mtumwa wangu, usiwe mpumbavu."

"Niandikie kipande, bwana karani."

Hakuna Mnyamwezi wa yadi ile aliyewahi kumwita Yahaya bwana. Yahaya aliiweka kalamu chini. Alimtazama Luhende akingoja tusi, tusi lolote lile la kitani, akalikosa. Akainama, akaandika.

Luhende alikichukua kipande, akakiinua juu kidogo ili wote wakione, akapita katikati yao kuelekea kwake, kumwambia mkewe aanze kufunga vyombo.

"Mwacheni," alimsikia Masolwa akisema nyuma yake. "Usiku atakirudisha, abaki na kota yake."