Saa Saba na Nusu

Nasim alikuwa mtu wa saa. Shingoni alining'iniza saa ya kupimia sekunde, mkononi alivaa nyingine, na mfukoni alikuwa na penseli tatu na kifutio, maana msimamizi wa jukwaa haandiki kwa wino. Mwaka wa kwanza katika chuo cha tamthilia, London, alifagia jukwaa, akabandika utepe sakafuni pale kiti kinapotakiwa kukaa, akapanga mezani barua za uongo na bastola za uongo. Alijifunza pia kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba zimebaki dakika kumi na tano, zimebaki tano, na kungoja ajibiwe. Ndiyo desturi ya kazi hiyo: ukitangaza muda, kila aliyesikia hujibu "thank you", ili ujue kwamba amesikia. Mwaka wa pili, Novemba 2001, walimpa mchezo mzima auendeshe mwenyewe.

Nyumbani kwao Hayes, baba yake, Soud, hakuielewa kazi hiyo hata chembe. Alikuwa mtu wa Unguja, mpakia mizigo kwenye ghala la uwanja wa ndege, zamu ya kuanzia saa kumi na moja jioni, mwaka wa kumi na sita sasa. Mkewe alifariki Nasim akiwa na miaka minne, na tangu hapo alimlea peke yake kwa kupishana mlangoni, huyu anatoka, huyu anarudi. Wenzake msikitini wakimuuliza binti anasomea nini, alijibu "menejimenti". Hakusema uongo, ila hakumalizia.

"Sasa nikija ntakuona wapi?" alimuuliza Jumapili moja, akimenya muhogo.

"Hutaniona, baba. Nakaa pembeni, kwenye giza."

"Basi nije kutazama nini?"

"Taa. Every single light, baba. Ikiwaka, ni mimi nimesema iwake. Mpaka niseme, hakuna kitu kinatokea."

Soud akacheka, akaapa kwamba safari hii atakuja. Nasim alikuwa na haki ya kutia shaka. Mikutano ya wazazi, sherehe ya kumaliza shule, siku aliyopewa cheti cha kuogelea: zote zilikutana na zamu, na zote zamu ilishinda. Hakumwambia baba yake kwamba anamlaumu, lakini alitaka jambo moja tu kutoka kwake, aje aione kazi yake mara moja. Alilitaka mpaka likamuuma.

"Inaanza saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, Alhamisi. Usichelewe, please. Wakifunga mlango hawafungui."

"Saa saba na nusu," Soud akarudia, uso ukimkunjuka. "Ndo saa nzuri hasa hiyo. Sina haja hata ya kuomba ruhusa kazini."

Nasim akadhani kabadilishana zamu na mtu. Hakuuliza.

Watoto waliokulia London wana Kiswahili chao. Wanakielewa chote, mpaka matusi, lakini wakitaka kukisema hupitia kwanza kwenye Kiingereza, wakabeba na vumbi la huko. Nasim alijua kusema saba, alijua kusema nusu. Hakuna aliyewahi kumkalisha akamwambia kwamba saa ya Kiswahili inahesabiwa toka jua linapochomoza na toka linapozama. Nyumbani kwao mtu akitaka kujua wakati alitazama ukutani. Mchezo ulikuwa unaanza saa moja na nusu usiku, na yeye, bingwa wa saa, alimwambia baba yake aje mchana.

Alhamisi mchana walikuwa na mazoezi ya mwisho, mavazi kamili na taa zote. Nasim aliandika karatasi kwa mkono wake, akaibandika mlango wa nyuma: kazi inaendelea, asiingie mtu. Akakaa kwenye meza yake pembeni ya jukwaa, hakunyanyuka mpaka jioni.

Tiketi ya baba aliiacha mapokezi kwa jina lake, kiti cha saba, mstari wa tatu, karibu na njia ili asisumbue watu akichelewa kidogo. Ilipobaki dakika tano alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Kiti kilikuwa kitupu. Saa ya kuanza ilipofika alichungulia tena.

Mpaka aseme, hakuna kitu kinatokea. Basi hakusema. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kijana wa taa akamuuliza sikioni kama kuna tatizo. Nasim akabakiza macho kwenye upenyo hadi dakika ya nne. Hapo akatoa amri kwa sauti kavu, na taa zikawaka kama alivyozipanga, mbele ya kiti kisicho na mtu.

Kila mchezo ukiisha, msimamizi huandika taarifa. Nasim aliandika: tulichelewa dakika nne, sababu hakuna. Mwalimu wake alilizungushia lile neno "hakuna" kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba sababu huwapo daima.

Asubuhi ya Ijumaa alikuta kijikaratasi juu ya friji. *Mwanangu, jana ilikuwa kichekesho. Ntakuhadithia.* Alikisoma mara mbili, kwa kuwa Kiswahili cha kuandikwa alikisoma polepole, na neno kichekesho likamchoma. Kwake haikuwa kichekesho hata kidogo. Akakichana.

Jumapili Soud alimvizia mezani, tabasamu limemjaa kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

"Nasim, ile saa uloniambia—"

"Dad, I don't want to hear it. Kila siku ni saa, ni zamu, ni kazi. Hukuja. Basi, yameisha."

Soud angeweza kulimaliza palepale kwa sentensi moja. Lakini ilikuwa hadithi ya kuchekwa na watu wawili, na mmoja hakuwa tayari.

"Haya mwanangu," akasema. "Ukipoa ntakwambia. Utacheka."

Nasim hakupoa. Siku tisa alifanya makusudi kubaki chuoni mpaka ahakikishe baba katoka. Siku ya kumi, jioni, alikuwa karakana akipaka rangi mlango wa bandia simu ilipomfikia. Baba yake alikuwa ameanguka kati ya masanduku, moyo, na gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakwenda zake.

Wenzake wa msikitini walimzika, wakasoma hitima. Nasim aliwamiminia watu chai, akijibu pole zao kwa "ahsante" zenye lafudhi ya Kizungu. Alimlilia baba yake, na bado alimkasirikia kwa kile kiti kitupu. Akaona aibu kukasirikia maiti, lakini hasira haikutoka.

Alirudi chuoni Januari. Kwenye kibanda cha mlango wa nyuma alimkuta bawabu, Mansukh, mzee wa Kihindi aliyekuwa India tangu Novemba kwa harusi ya mpwa wake. Mwaka mzima na zaidi walikuwa wakisalimiana kwa Kiingereza.

"Pole sana kwa baba yako," akasema Mansukh.

Ilimchukua Nasim muda kutambua kwamba amesikia Kiswahili.

"Wewe unajua Kiswahili?"

"Mimi nazaliwa Kisumu. Nauza vitambaa kule miaka ishirini. Baba hakukwambia? Sisi nakaa hapa na yeye masaa mawili nzima."

"Baba hajawahi kufika hapa."

"Ala. Ile Alhamisi ya mchezo yako. Yeye nakuja mchana, iko koti, iko tai, viatu nang'aa. Nasema, binti yangu naniambia saa saba na nusu. Mimi nafikiri kidogo, halafu nacheka. Nasema, bwana, huyu toto ya London, saba yake ni saba ya Kizungu. Yeye pia nacheka, mpaka nafuta macho na leso."

Nasim alishika ukingo wa dirisha la kibanda. Saba. Kichekesho.

"Kwa nini hukuniita?"

"Mimi nataka kuita. Yeye naonyesha karatasi yako mlangoni, nasema mtu iko kazini, usimuite. Na usiku hawezi kuja, kazi yake naanza kumi na moja, ruhusa hakuomba. Nasema pia usimwambie, nitamwambia mwenyewe, nataka kuona uso yake."

Mansukh akaelekeza kidole kwenye kisanduku cha sauti kilichotundikwa juu ya benchi, ambacho hutoa kila kinachotangazwa kutoka jukwaani.

"Halafu wewe naanza kusema humo. Yeye nauliza, hii sauti nani? Mimi nasema, ndiyo binti yako. Yeye nasikia watu vyumbani najibu thank you, nauliza kwa nini, mimi naeleza. Basi toka hapo kila wewe nasema kitu, yeye pia najibu, hapo kwa benchi. Dakika kumi na tano. Ahsante, mwanangu. Dakika tano. Ahsante, mwanangu. Mpaka tisa na nusu, naangalia saa, naenda kazini."

Nasim alikaa kwenye benchi. Baba yake alikuja. Alikuja kabla ya wote, amevaa tai, akaisikia kazi yake, akamjibu, naye Nasim siku kumi alimnyima nafasi ya kusema sentensi moja. Alilia kwa sauti, waigizaji wakipita na mikoba yao wakijifanya hawaoni, na Mansukh akafunga dirisha la kibanda taratibu.

Februari aliendesha mchezo mwingine. Jioni ya kwanza alikaa kwenye meza yake, akatazama saa ya shingoni, kisha ya mkononi. Watu wa tamthilia hutangaza nusu saa zikiwa zimebaki dakika thelathini na tano. Hata Waingereza, tuseme, wana saa zao zisizolingana na saa. Akabonyeza kitufe, akatangaza kwa Kiingereza, na kutoka vyumba vya nyuma akasikia majibu, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho.

Kidole hakukiondoa.

"Baba," akasema, na sauti ikaenda kila chumba na kila ujia mpaka kwenye benchi la mlangoni, "sasa hivi ni saa moja kasoro dakika tano. Tunaanza saa moja na nusu."

Kisha akaachia kitufe, akangoja ajibiwe.