Mistari Miwili

Nesi Agnes aliitazama karatasi ya kipimo, akaigeuzia dirishani penye mwanga, kisha akaenda kufunga mlango. Editha akajua. Mlango wa kliniki ile haukuwa ukifungwa kwa heri.

"Mwalimu, mistari imetokea miwili."

Editha alifundisha shule ya msingi hapo Mgeta, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshaanza kucheza.

"Mimi nilichanjwa, nesi. Nikiwa chuoni Dar es Salaam nilijitolea kwenye majaribio ya chanjo ya ukimwi. Walituambia kipimo cha kawaida kinaweza kutusingizia, kwa sababu hakitafuti kirusi, kinatafuta askari wa mwili. Na askari hao chanjo ndiyo inawaleta."

Nesi Agnes alikuwa mama mpole, lakini kwenye kiti kile alishasikia sababu za kila namna.

"Inawezekana, mwanangu. Inawezekana pia ni ukimwi wenyewe. Mtoto hawezi kungoja tujue." Akampa vidonge. "Hivi vilitafutwa kwa ajili ya saratani, vikashindwa. Kwenye ukimwi vikafaa. Vitamkinga mtoto. Anza leo."

Editha alishuka mlima akishikilia majani ya kando ya njia. Alijitolea kuchanjwa kwa sababu ya kaka yake Severin, aliyekufa kwa ukimwi kabla dawa hazijafika, mwepesi hata akabebwa na mtu mmoja. Chanjo haikumtisha. Ndani yake hamkuwa na kirusi, hilo alielezwa na aliliamini. Aliyemtisha ni Amosi, mumewe, dereva wa lori la kabichi na karoti, ambaye nusu ya maisha yake alilala njiani. Kama Amosi ameuleta nyumbani, kipimo kingeonyesha mistari ile ile.

Alipomweleza, Amosi aliacha kula.

"Si hiyo chanjo yako?"

"Huenda. Twende Dar tukapimwe wote."

"Mimi nipimwe nini? Aliyechanjwa ni wewe!"

Alinyanyuka akatoka. Editha alimwona akilikosa komeo la mlango mara mbili, na hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Mume mwenye hasira alishamzoea. Mume mwenye woga hakuwahi kumwona. Akatoa kidonge, akakimeza. Mtoto kwanza.

Safari iliyofuata ya mzigo, Amosi alimwambia apande lori. Walipofika Mikese aliliegesha pembeni bila kuzima injini.

"Kulikuwa na mwanamke hapa," alisema, macho barabarani. "Kabla hujapata mimba. Nasikia alikonda sana, wakaja ndugu zake kumchukua."

Wachuuzi walikuwa wanainua vikapu dirishani. Editha aliwaona midomo ikitembea, hakusikia neno.

"Endesha," alisema.

Hospitalini Dar, Daktari Salehe, aliyemchanja zamani zile, alimkumbuka. Aliwatoa damu wote wawili. Ya Editha ilipelekwa kwenye mashine inayotafuta kirusi chenyewe, na majibu yake yalitaka kungojwa. Ya Amosi haikuhitaji mashine. Amosi hakuwahi kuchanjwa, kwa hiyo mistari yake miwili ilikuwa na maana moja tu.

Alilia ukutani kama mtoto. Editha hakumgusa. Alikuwa akisikiliza tumbo lake, na mtoto alikuwa ametulia mno.

Siku za kungoja walikaa kwa shangazi yake Editha. Kila alipokohoa alimwona Severin. Kila alipojikuna aliangalia ngozi. Walipoitwa, alishindwa kuinuka kwenye benchi, ikabidi daktari amfuate.

"Mwalimu, hatukuona kirusi."

"Rudia."

"Hatukukiona. Utapimwa tena, maana kama ni cha juzi kinaweza kuwa bado kimejificha. Lakini leo hakipo."

Editha alimshika mkono wa koti. "Ni chanjo imenikinga?"

Daktari alikunja karatasi ya majibu. "Natamani niseme ndiyo. Wapo wanaoishi na mwenye virusi wasiambukizwe, na hawakuchanjwa kitu. Hatujui. Usije ukaitegemea ukaacha kujikinga."

Editha alitoka na habari njema, lakini isiyokuwa na ngao. Kirusi kilikuwa kimelala kitanda kimoja naye, na hakuna aliyeweza kumwambia kwa nini hakikumchukua.

Amosi alianza dawa. Ndugu zake Editha walitaka arudi kwao. Akakataa, ila alihamishia godoro lake chumba cha pili. Vipimo vya Editha vya baadaye havikuona kitu. Binti alizaliwa mzima, damu yake ikapelekwa Dar nayo ikarudi safi.

Hata hivyo, kila alipoitwa kutoa damu, Editha alinyoosha mkono akiwa amefumba macho, akimbana bintiye kifuani kwa mkono wa pili mpaka mtoto analia.